Kiondo Hiki Kisirudi Kitupu

Mutomo, Kitui
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu mkubwa, Muthama,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana, wewe pamoja na wifi yangu Nthenya na watoto wote. Natumaini baridi ya Kikima huko Mbooni haijawarudishia kile kikohozi cha mwaka jana. Na Mwaitu, mama yetu, je, goti lake linaendeleaje tangu mlipomchukua akae nanyi? Mwambie nimesema aache kubishana na ile njia ya kupanda shambani, kabichi zitamsubiri. Mwambie pia namkumbuka kila nikipuliza makaa, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kupuliza bila kujaza moshi machoni.

Sisi hapa tuko wazima. Shemeji yako Mulinge anazunguka na biashara yake ya mbuzi, leo ana wateja, kesho ana maneno matupu, lakini hakuna siku tumelala njaa. Mutindi ameota meno mawili ya chini, na mtu wa kwanza kuyajaribu ni mimi mamake. Jua ni lile lile. Maji bado tunaletewa na punda. Hata hivyo unga unaumuka vizuri, na mikate yangu ya sufuria, moto chini na moto juu ya kifuniko, inaisha kila siku hapa getini mwa hospitali kabla wageni wa wagonjwa hawajaanza kurudi makwao.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi kama watu wa zamani na simu unayo mfukoni. Kaka, kwa simu ukisikia neno usilolipenda unasema network ni mbaya, halafu unakata. Karatasi haina mahali pa kubonyeza. Mulinge anakuja huko kumwangalia mbuzi wa maziwa, kwa hivyo nimemwekea barua hii ndani ya kiondo pamoja na mikate. Unaweza kula kwanza ndio usome, au usome kwanza ndio ule. Lakini usome yote.

Kwanza nikwambie kwamba nakuheshimu. Baba alipofariki ni wewe ulinilipia shule mpaka fomu tu, kile kidato cha pili, na iliposhindikana hukunilaumu wala sikukulaumu, mvua ndiyo ilikosa. Hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Lakini kuna urafiki mmoja ninaoulinda, na nimeona nikinyamaza utavunjika mikononi mwangu. Ndiyo sababu naandika.

Unakumbuka siku tuliyomweka Mutindi wakfu kule nyumbani Zombe. Watu walikuwa wamekula muthokoi wakashiba, na wewe ukasimama kutoa shukrani kwa niaba ya familia. Ukasema jamani tusimchezee Kaveke, siku hizi ni mshauri wa Wazungu, anawafundisha kuuza mikate huko Ulaya na wao wanamlipa kwa asante. Ukauliza kama fomu tu siku hizi inatoa maprofesa. Watu walicheka mpaka mchungaji akafunika mdomo kwa Biblia. Mimi pia nilicheka, mtoto mkononi, ili nisiharibu sherehe. Leo sicheki. Leo nataka ujue hiyo kazi unayoidharau ni kazi gani.

Syombua ulimsikia tu, hukuwahi kumwona. Jina lake la kwao ni Nora, ni nesi wa kutoka Ireland, alikuja kujitolea katika hospitali ya misheni hapa. Wodi ya akina mama ndiyo iliyompa jina la Syombua kwa sababu siku aliyofika mvua ilinyesha, na wewe unajua Mutomo mtu akija na mvua haachwi aende hivi hivi. Mutindi alipotaka kutoka akitanguliza matako, ni Syombua aliyekaa nami. Mimi nilikuwa nikimwita kila jina baya ninalolijua kwa Kikamba, na yeye anaitika asante, asante, akidhani namshukuru. Kiswahili chake ni kama Kiingereza changu, kwa hivyo tunakutana katikati. Nilipotoka hospitalini akawa mteja wangu, anakula mkate ukiwa moto mpaka anapuliza vidole.

Halafu babake akaanguka kwa kiharusi. Mama alishafariki zamani, na wale wawili ndio familia yote. Syombua akarudi kwao kumtunza na kusimamia duka lao la mikate, duka dogo la ukoo, lilianzishwa na babu yake katika mji mdogo ulio kando ya mto. Akakuta supamaketi kubwa imefunguliwa mwanzo wa mji, inauza mkate wa bei ambayo hata unga haununuliki. Alikuwa ananitumia sauti kwa simu, huku nyuma nasikia trei zikigongana, anasema wamekubaliana na babake kwamba Pasaka ikifika na hali ni ile ile, wanafunga.

Sasa kaka, niambie. Mtu aliyekushika mkono ukizaa akikwambia nyumba yake inazama, unamwuliza atakulipa nini? Mimi nilimwuliza anauzaje.

Akanitumia picha. Duka zuri, vioo vinang'aa, mlango umefungwa. Nikamwuliza mbona mnafungia harufu ndani? Mimi hapa nafunua sufuria wageni wa wagonjwa wakianza kukusanyika getini, si kabla, si baada. Akasema kwao ni baridi, mlango ukiachwa wazi babake atauliza kama wanapasha joto barabara. Aliuacha wazi, na mzee akauliza maneno hayo hayo! Tulicheka sana. Nikamwuliza watu wenye njaa hupita hapo saa ngapi. Akasema mchana watoto wakitoka shule na wazazi wao. Na mikate mnaoka lini? Alfajiri. Basi, nikamwambia, mchana mnauza mkate uliolala, nao wa supamaketi umelala vilevile, sasa kwa nini mtu asichukue wa bei rahisi? Oka kidogo tena mchana. Akaoka skonzi. Watoto wakaanza kuwavuta mama zao kwa mkono. Si jambo kubwa, hata Salama anayeuza mahamri hapa karibu nami angemwambia hivyo. Ila Salama alinichokoza akaniuliza kama nimeshawamaliza wateja wa Mutomo ndio nimeanza kutafuta wa Ulaya.

Hapo nikavimba kichwa, nakiri. Nikamshauri jambo la pili, na jambo la pili nusura liue kila kitu.

Nilimwambia mwanamke akijifungua hapo mjini kwenu, usingoje aje kununua. Mpelekee mkate, kama sisi tunavyokwenda kuona mtoto, na usimpelekee kwa karatasi. Mpelekee ndani ya chombo, uache chombo. Atakirudisha, na hatakirudisha kitupu. Atakuja na kitu, atakuja na jirani, atakuja na maneno, na duka litakuwa na watu. Nilisema hivyo bila kufikiri mara mbili, kwa sababu wewe unajua, kwetu hakuna mtoto asiyejua kwamba kiondo cha mtu hakirudi kitupu. Hata ukiwa huna kitu unaweka limau.

Syombua hakuwa na viondo. Alikuwa na mikebe ya bati iliyochorwa maua, ya marehemu mama yake, mama alikuwa akiwekea keki za harusi. Akaijaza skonzi, akaizungusha mji mzima kwa waliojifungua, kisha kwa wagonjwa, kisha kwa wazee.

Hakuna mkebe hata mmoja uliorudi.

Watu walishukuru sana kwa simu, wakaweka picha za skonzi na vidole gumba, na mikebe wakakaa nayo. Kwao ukipewa kitu ndani ya chombo, chombo ni chako pia. Mmoja aliutupa pamoja na takataka, na babake Syombua akauona ukibebwa na gari la taka. Mzee ambaye hakulia alipoanguka, akalia kwa ajili ya mkebe. Akamwambia Syombua asitaje tena jina la yule msichana wa Afrika ndani ya nyumba yake. Yule msichana ni mimi.

Syombua akanyamaza. Sauti hazikuja tena. Mulinge akasema nimeua duka la watu nikiwa nimekaa kwa kigoda. Salama naye akasema bibi wee, umewapotezea watu vyombo vya marehemu, hiyo hata kwa dawa haiponi. Mimi mkate ulikuwa unaungua na siunusi. Na siku ile ya Zombe, ukinicheka mbele ya watu, ndani ya moyo nilikuwa nasema labda kaka ana haki.

Kesho yake, mchana, nikimlisha Mutindi uji, simu ikalia. Alikuwa Syombua. Kwa nini alipiga nitakuandikia mwisho, maana jambo hilo linakuhusu wewe.

Tulipomaliza hilo, ndipo tukazungumza habari za mikebe. Nikamwomba msamaha. Nikamwuliza kama watu walijua mikebe ilikuwa ya nani. Akasema hapana, hakuwaambia. Nikaona nilipokosea. Nilidhani sheria ya kiondo iko kila mahali jua linapotoka, kumbe iko hapa kwetu, na mtu wa mbali lazima aambiwe. Nikamwambia basi, waambie. Usiombe, usilie. Andika ukweli kwenye kioo cha duka: mikebe ya maua ilikuwa ya mama yetu, ile aliyowekea keki zenu za harusi. Tunaitaka. Na kwa rafiki yetu wa Mutomo chombo hakirudi kitupu, kwa hivyo ukirudisha mkebe, njoo na neno moja unalolikumbuka la mama.

Babake alikataa. Alisema hatabandika jina la mke wake dirishani kama bei ya mkate. Syombua akabishana naye kutwa nzima, mwisho akaandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, mzee akiwa amegeuka ukutani.

Kaka, watu walikuja. Bibi mmoja mzee alileta mkebe aliokuwa ameshaufanya wa sindano na vifungo, na ndani akaweka picha ya harusi yake, mama yake Syombua amesimama pembeni na unga kwenye nywele. Mwanamume mmoja akasema yule mama alimpa keki kwa mkopo mwaka ambao hakuwa na kazi, na hakumkumbusha mpaka alipokumbuka mwenyewe. Wengine walileta mayai, wengine jamu. Yule aliyeutupa mkebe wake alikuja na mkebe mwingine, wa kununua, uso mwekundu kama nyanya, na mzee akauweka huo mbele ya yote. Mmoja haujarudi mpaka leo. Mzee amesema nafasi yake kwenye rafu isijazwe.

Na hakuna aliyeleta mkebe akaondoka mikono mitupu. Wewe ni mtu wa duka, unajua mtu akishaingia na kuongea, mkono unatafuta mfuko wenyewe.

Sitakudanganya kwamba wametajirika. Supamaketi iko pale pale na bei ni ile ile. Gari la kusambaza mikate wameliuza. Lakini Pasaka ilikuja ikapita, na wanaoka. Na mzee, yule yule aliyekataza jina langu, juzi alimwambia Syombua amwulize yule msichana wa Mutomo Krismasi wafanye nini.

Sasa kaka, kaa chini. Kama wifi yuko karibu mwache akae, yeye sina siri naye.

Ile simu. Syombua alipiga akiwa analia, hata salamu hakunipa. Aliniuliza homa ya Mutindi imefika ngapi na wamemwekea dawa gani. Mutindi alikuwa mapajani mwangu anang'ang'ania kijiko. Nikasema homa gani? Akanisomea meseji. Ilisema mimi naona aibu kumwambia mwenyewe, kwamba mtoto amelazwa yuko hali mbaya, kwamba nimewafanyia kazi bure miezi yote hii, kwa hivyo wakumbuke kutuma chochote, na kitumwe kwa namba hiyo hiyo.

Namba hiyo naijua kwa kichwa, kaka. Ndiyo niliyokuwa nikipiga nikiwa shule nikikosa karo.

Uliichukua namba ya Syombua kwenye simu yangu kule Zombe nikiwa jikoni napakua muthokoi. Asubuhi ulimshika mtoto wangu mbele ya madhabahu, ukaitikia amina. Jioni ukamlaza hospitalini kwa mdomo wako. Ungeandika kwamba mgonjwa ni mimi, labda ningemeza. Lakini umemwandikia nani? Ulimwandikia yule aliyemvuta mtoto huyo kutoka tumboni mwangu akiwa wa bluu, akampulizia pumzi mpaka akalia!

Syombua mwenyewe alinifungulia mlango wa kutokea. Aliniuliza kwa sauti ya pole, labda ni matapeli wameiba namba? Najua kwetu tunafanyaje. Aibu ya kaka inafunikwa na dada, mgeni haambiwi. Ningesema ndiyo, ni matapeli, na wewe ungebaki msafi na mimi ningebaki mwongo.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia ni kaka yangu Muthama, mkubwa wangu, aliyenisomesha. Mtoto ni mzima, hata anakula kijiko. Usitume kitu. Nimekutaja kwa jina lako, na siombi radhi kwa hilo, leo wala kesho.

Na kuna kitu alichoniambia ambacho kinaniuma kuliko meseji. Babake, katika siku zile zile ambazo hakutaka kusikia jina langu kwa sababu ya mikebe, aliposikia mtoto anaumwa alikuwa ameshavaa koti na kofia, fimbo mkononi, anakwenda kutuma. Duka linafungwa, mguu mmoja haufanyi kazi, mvua ya kwao inanyesha. Syombua alimshika mlangoni akisema ngoja kwanza nimpigie Kaveke.

Unaniambia nimefanywa mjinga kwa sababu natoa bure. Kaka, yule mwanamke alikaa hapa akiosha vidonda vya watu wetu bila mshahara, na hakuna hata mtu mmoja aliyesimama kanisani kumwita mjinga. Tulimpigia makofi, tukamvisha leso. Kwake kujitolea ni moyo mwema, kwangu ni ushamba? Kwa nini? Kwa sababu yangu ni fomu tu? Kwa sababu sisi tumezoea kuwa upande wa kupokea mpaka mmoja wetu akitoa mnatafuta ni wapi ametapeliwa? Mimi nimetoa, nikakosea, nikarekebisha, na nitatoa tena. Nikimaliza barua hii namjibu yule mzee habari za Krismasi. Mutindi akikua nataka aambiwe mama yake alikuwa na kitu ambacho watu wa mbali walikihitaji. Asije akaambiwa mama yake alimlaza katika wodi ya uongo.

Sikuchukii. Najua duka lako la mbegu nalo linapumua kwa shida tangu mvua ilipopotea, wifi aliniambia. Ungeniuliza mimi ningekushauri, na wewe pia bure. Ile mbegu yako uiondoe kule nyuma gizani, uiweke mlangoni watu wakitoka kanisani waione. Mwanzo ni huo.

Sasa kuhusu kiondo hiki. Mulinge atalala kwenu na kesho yake arudi nacho. Namjua wifi, atataka kukijaza maharagwe na kabichi, Mungu ambariki, lakini mwambie hayo ayatie kwenye gunia. Ndani ya kiondo nataka karatasi moja tu, ya mkono wako, ya kwenda kwa yule mzee. Nitaipiga picha niitume, Syombua atamsomea. Isiwe ndefu. Mwambie mtoto ni mzima, avue koti.

Kikirudi hivyo, sherehe ya Mutindi ya kutimiza mwaka utakaa mbele, na utatoa shukrani kwa niaba ya familia kama kawaida yako, hata unitanie kidogo. Kikirudi kitupu, nitakitundika ukutani hapa ninapouzia mikate, na kila atakayeuliza nitamwambia ni cha kaka yangu, tunamngoja.

Nisalimie Mwaitu umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Nisalimie wifi na watoto, mikate yenye sukari juu ni yao, usiwaonee. Salama pia anawasalimu, anasema Mbooni mna maji mengi mno ndio sababu mna maneno machache ya shukrani. Mungu awalinde nyote na awape mvua ya kutosha.

Ni mimi dada yako anayekupenda,

Kaveke, mama Mutindi,
mshauri wa mikate.